Pima Mwenyewe Nguvu ya Jaketi Lako la Kuzamia

Jaketi la kuelea, ambalo wazamiaji wa Nungwi, Utende na Diani wamezoea kuliita BCD, huuzwa kwa namba moja: kilo 12, kilo 16, pauni 35, nyutoni 180. Namba hiyo ni uwezo wake wa kuinua, yaani uzito ambao jaketi likijaa hewa litaubeba majini bila kwenda chini. Wengi huisoma siku ya kununua, basi. Lakini ndiyo hiyohiyo wanayoitegemea wakiwa Kichwani, kule Mnemba, au kwenye mlango wa Njao, Pemba, ambako ukuta wa matumbawe unashuka kina kisichomhusu mzamiaji wa burudani na mkondo huweza kugeuka ukamvuta mtu kuelekea chini. Hapo mtu hubonyeza kitufe cha kujaza hewa na kungoja. Kama jaketi limeandikwa kilo 16 na lina 11, atajua siku hiyo, na ni siku mbaya ya kujua.

Namba ya lebo si lazima iwe ya uongo. Mara nyingi ni ya kweli, ila ni kweli ya jaketi jipya, la saizi fulani, lililojazwa hewa likiwa halijavaliwa na mtu, mikanda yote imelegezwa. La kwako pengine umelinunua kwenye kituo kilichokuwa kikiondoa vifaa vyake vya zamani, au umeliagiza mtandaoni kwa bei nafuu likaja bila jina la mtengenezaji anayejulikana. Limeanikwa juani misimu mingi, limewekwa na chumvi ndani, limeburutwa kwenye mbao za boti. Kulipima hakuhitaji maabara. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, kapi, kamba, risasi za mkanda na mwenzako mmoja, alasiri moja inatosha.

Anza na lebo

Fungua jaketi utafute lebo iliyoshonwa kwa ndani, mgongoni au ubavuni. Majaketi ya soko la Ulaya huwa na alama ya EN 1809, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, na uwezo wake huweza kuandikwa kwa nyutoni. Gawa kwa 9.8 upate kilo: nyutoni 180 ni kilo 18 na nukta nne hivi. Ya Marekani huandikwa kwa pauni. Zidisha kwa 0.45, na pauni 35 zitakupa kilo 16 kasoro kidogo. Angalia pia saizi. Jaketi la muundo mmoja hutoka kwa saizi kadhaa, na kibofu cha hewa cha saizi ndogo ni kidogo kweli. Tangazo linalotaja namba moja kwa saizi zote huenda limechukua ile ya saizi kubwa kabisa, kwa hiyo kama unavaa ndogo, usijilinganishe na tangazo. Jilinganishe na lebo ya saizi yako, na kama lebo haina namba, fanya vipimo hivi kwa makini zaidi.

Kanuni yenyewe ni ya Archimedes: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Lita moja ya maji baridi ina kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari yetu ina kilo 1.025 hivi. Kibofu cha lita 15 kwa hiyo kinainua kilo 15 kwenye bwawa la kuogelea na kilo 15.4 baharini. Tofauti hiyo haifiki nusu kilo. Ukimsikia muuzaji anasingizia maji baridi kwa upungufu wa kilo tatu, mwambie ahesabu upya.

Kuna jambo ambalo hata wazamiaji wazoefu hulichanganya. Jaketi lililojaa kabisa lina nguvu ileile mita 5 na mita 30, kwa sababu ujazo wake ni uleule. Kinachobadilika ni hewa inayohitajika kulijaza. Mita 30 chini shinikizo ni mara nne ya juu, kwa hiyo kibofu cha lita 15 kitakula lita 60 za hewa ya kawaida kutoka kwenye mtungi, na kitachukua muda mrefu zaidi kujaa. Kwa hiyo kupima kwenye kina kifupi kunatosha, wala hakuna sababu ya kulipeleka jaketi kwenye kina kirefu ili kulijaribu.

Hakikisha mizani kwanza

Mizani za springi huchoka, hasa zilizokaa karibu na chumvi. Njia rahisi ya kuikagua ni katoni ya maji ya kunywa ambayo haijafunguliwa. Chupa 12 za lita moja na nusu zina kilo 18 za maji, na plastiki yake inaongeza kama nusu kilo. Usitumie dumu la lita 20 lililojazwa mpaka mdomoni, kwani madumu mengi huchukua zaidi ya hizo lita 20 na utakuwa unaikagua mizani kwa kipimo kisicho sahihi. Ning'iniza katoni, soma, kisha ondoa chupa sita usome tena. Mizani ikikosea kwa kiasi kilekile mara zote mbili, andika kosa hilo ulitoe baadaye. Ikikosea huku hivi na kule vile, tafuta nyingine.

Kipimo cha kapi

Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vingine, na ndicho kinachostahili muda wako. Tafuta maji yaliyotulia yenye kina cha mita mbili au tatu: bwawa, au ufukweni maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Siku za maji mafu ni bora kuliko za bamvua, maana mkondo ukilisukuma jaketi kwa ubavu mizani itasoma zaidi ya ukweli. Chini funga kapi kwenye kitu kizito kisichosogea. Kamba itoke kwenye jaketi, ishuke hadi kwenye kapi, ipande juu kwenye ndoano ya mizani ambayo mwenzako ameishika akiwa kwenye gati au ukingoni.

Uzito wa hicho kitu cha chini hudharauliwa sana. Kapi linavutwa juu na jaketi upande mmoja na mkono wa mwenzako upande wa pili, kwa hiyo jaketi la kilo 20 litalivuta kwa kilo 40. Jiwe la zege hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake likiwa majini. Zege la kilo 50 hubaki na kilo 28 au 29 tu, na litang'oka. Zege kubwa la boya la kufungia boti linafaa, bora umwombe ruhusa mwenye boya. Usifunge kwenye tumbawe hata siku moja.

Lowesha jaketi vizuri. Likiwa majini, lifinye sehemu zenye sponji, geuza mifuko, fungua valvu zote utoe hewa ya ndani mpaka mapovu yaishe. Jaketi jipya hushika mapovu kwenye sponji kwa muda mrefu, na mapovu hayo yatahesabiwa kama nguvu ya kibofu wakati siyo. Sasa livute chini likiwa tupu usome mizani. Majaketi laini mengi huelea kidogo hata bila hewa kwa sababu ya sponji zake, na tuseme umepata kilo 0.8. Kama lina bamba la chuma mgongoni litazama. Basi lining'inize kwenye mizani likiwa ndani ya maji na uandike uzito huo. Utauongeza kwenye matokeo, kwa kuwa kibofu kitaanza kwa kuubeba huo kabla hakijakubeba wewe.

Unganisha mtungi uliowekwa pembeni, jaza jaketi mpaka valvu ya usalama iteme hewa, kisha livute hadi lizame lote. Hapo ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Hewa iliyojazwa juu hubanwa jaketi linaposhuka. Mita moja tu ya maji huongeza shinikizo kwa sehemu moja ya kumi. Jaketi lililokuwa limekakamaa juu huweza kulegea kidogo chini, na mtu akasema limepungua nguvu. Kwa hiyo bomba la kujazia libaki limeunganishwa, na wewe ukiwa na miwani yako majini uongeze hewa mpaka uone valvu ya usalama inatoa mapovu jaketi likiwa limezama. Acha mapovu yakome, ndipo usome.

Kapi lina msuguano. Mwenzako avute kamba taratibu asome, kisha ailegeze taratibu asome tena, halafu mchukue wastani. Tuseme akivuta anasoma 16.1, akilegeza 14.7. Wastani ni 15.4. Toa ile 0.8 ya jaketi tupu, utabaki na kilo 14.6. Kama lebo imeandika 16, jaketi lina upungufu wa kilo 1.4, karibu asilimia 9. Rudia kipimo walau mara tatu, kila mara ukitoa hewa yote na kuijaza upya. Namba zikipishana sana, tatizo liko kwenye upimaji, na hupaswi kulihukumu jaketi bado.

Weka vidole mbali na mizunguko ya kamba. Jaketi lililojaa likikatika kwenye kamba huruka juu kwa nguvu, na aliye juu yake atapigwa nalo au na bomba.

Usipokuwa na kapi

Njia ya pili ni kutundika risasi. Jaza jaketi, lining'inizie risasi za mkanda moja moja mpaka linapokaribia kuzama, mgongo wake ukiwa sawa na uso wa maji. Ni njia ya haraka, ila ina mtego. Risasi nazo zinasogeza maji, kwa hiyo kilo 10 za risasi huvuta kwa kilo 9.1 tu baharini. Chuma cha kilo 10 huvuta kwa 8.7. Zege la kilo 10 huvuta kwa 5.7 hivi. Mtu akikwambia jaketi lake limebeba kilo 20 za matofali ya zege, limebeba kama kilo 11 na nusu. Zidisha risasi zako kwa 0.91, kisha ufanye hesabu ya jaketi tupu kama ilivyoelezwa juu.

Njia ya tatu ni ya maji ndani ya kibofu. Likiwa limelala ndani ya bwawa au pipa kubwa, toa hewa yote, ulijaze maji baridi kwa mpira kupitia mdomo wa kupulizia mpaka valvu ya usalama iachie, kisha uyatoe na kuyapima kwenye chombo chenye alama. Lita ndizo kilo. Kibofu hunyooka kwa uzito wa maji na mengine hubaki kwenye kona, kwa hiyo kipimo hiki ni cha makadirio. Faida yake ni kwamba kinaondoa chumvi ndani kwa wakati uleule.

Jaketi likivaliwa

Ukishapata namba ya jaketi pekee yake, bado hujajua lako wewe. Mkanda wa tumbo na mikanda ya mabega huminya kibofu, hasa kwenye majaketi yanayomzunguka mtu hadi mbele. Kibofu cha mgongoni nacho, kikifungwa kwa kamba za mpira zinazokikunja dhidi ya mtungi mmoja, huweza kushindwa kufunguka chote. Tumia dumu la lita 20 badala ya kiwiliwili. Lijaze maji yaleyale unayopimia, bila hewa ndani, ulivishe jaketi na ukaze mikanda kama unavyoikaza kifuani kwako, kisha urudie kipimo cha kapi, tupu na likiwa limejaa. Dumu halina umbo la kifua cha mtu, lakini litakuonyesha kama jaketi lako linapoteza nguvu likibanwa. Likipoteza kilo moja, sawa. Likipoteza tatu, umevaa saizi ndogo kuliko mwili wako au umelifunga vibaya.

Upungufu umetoka wapi

Kwa vipimo vya nyumbani, tofauti ya asilimia 5 sina ugomvi nayo. Ikifika 10, tafuta sababu. Mshukiwa wa kwanza ni valvu ya usalama. Springi yake ikichoka au ikila kutu, au chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha mpira, hewa huanza kutoka kabla kibofu hakijajaa. Utajua kwa mkono: valvu inatema huku ngozi ya jaketi bado inabonyea kirahisi. Ifungue, isafishe kwa maji baridi, kagua mpira na springi, badilisha kilichochoka, pima tena. Usiizibe valvu hiyo ili upate namba nzuri. Kibofu kitapasuka kwenye mshono, na ungekuwa umeharibu jaketi zima kwa sababu ya springi ndogo.

Mshukiwa wa pili ni uvujaji. Jaza jaketi likakamae, liache ndani ya nyumba usiku kucha. Liwe ndani ya nyumba, si barazani, kwa sababu hewa iliyojazwa jua likiwaka husinyaa kwa baridi ya alfajiri na utalishuku bure. Asubuhi likiwa limelegea, lizamishe kwenye pipa uangalie mapovu: kwenye kiwiko cha bomba lenye mikunjo, kwenye valvu za kutolea hewa zenye kamba, halafu kwenye mishono. Valvu hurekebishika. Mshono unaovuja kwa urefu wake wote ni mwisho wa jaketi.

Usipopata kasoro yoyote na bado kilo hazifiki, basi tangazo lilizidisha. Mrudishie muuzaji pamoja na vipimo vyako vilivyoandikwa: saizi, aina ya maji, namba za kuvuta na kulegeza. Malalamiko yenye namba ni vigumu kuyapuuza.

Kilo ngapi zinakutosha

Namba kubwa si lazima iwe bora, maana jaketi kubwa lina hewa nyingi ya kuhangaika nayo unapopanda. Hesabu mahitaji yako. Chukua mwongoza wageni wa Zanzibar mwenye mtungi wa alumini wa lita 11 na suti ya neopreni ya milimita 3. Hewa ya mtungi uliojaa ina uzito wa karibu kilo 2.6, na huo ni uzito wa ziada anaoanza nao safari hata kama risasi zake ni sawasawa. Suti ikibanwa chini hupoteza kama kilo mbili za kuelea. Akitaka kichwa kiwe nje ya maji akisubiri boti kwenye mawimbi ya kusi, aongeze kilo nne au tano. Wengi hubeba pia risasi za akiba kwa mgeni atakayeshindwa kushuka, tuseme kilo nne. Jumla inakaribia kilo 14, kabla hajamsaidia mgeni ambaye jaketi lake mwenyewe limegoma. Huyu, jaketi lililopimwa likatoa 14.6 limemfikisha ukingoni. Mgeni wake aliyevaa suti hiyohiyo bila risasi za ziada angetosheka nalo kabisa.

Jaribu pia kuvua vyote majini na kuviacha vielee vyenyewe: jaketi lililojaa, mtungi uliojaa, regulata na risasi kama ziko kwenye mifuko ya jaketi. Vikizama, usitumie mpangilio huo. Siku utakapolazimika kuvivua ili upande botini, vitakwenda.

Kwa wanaoendesha vituo, lipe kila jaketi namba kwa kalamu isiyofutika, na daftari liwe na tarehe ya kipimo, kilo zilizopatikana na jina la aliyepima. Kipimo kimoja kabla ya msimu wa wageni kinatosha kwa lile lisilo na historia ya matatizo. Lile lililofunguliwa valvu lipimwe kabla halijarudi kwenye kamba. Lenye upungufu usioelezeka liondolewe kazini. Na ukiliuza, mwambie mnunuzi kilo ulizozipima wewe, siyo zile za lebo, kwa sababu anayenunua majaketi ya zamani mara nyingi ni kijana anayeanza kazi ya kutembeza wageni, na atalivaa kila siku akiamini ulichomwambia.